Kashata za Wagonjwa wa Sukari

Mimi ni mwoga, na afadhali niseme mapema. Naogopa chakula kilicholala. Naogopa maji ya kisima wakati wa masika. Nikifunga mlango natembea hatua chache halafu narudi kuusukuma, na nikishamaliza kuosha sufuria naiosha tena kwa sababu siamini mikono yangu. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea hapa Ifakara, alikuwa akiniangalia nikizunguka na sufuria anasema, "Mume wangu, wewe utakufa kwa kuogopa kufa." Ndivyo bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, mume wangu, na siku nikiwa na furaha namjibu, "Nikifa utaolewa na nani, mke wangu?" Anacheka mpaka anashika ubavu.

Nasema haya kwa sababu mtu mwoga kama mimi ndiye aliyekaribia kumuua.

Bibi ana kisukari. Kabla hawajamwambia hospitali, chai yake ilikuwa nzito kwa sukari, kijiko kingeweza kusimama. Alikulia Mchombe kwenye mashamba ya mpunga, na nadhani kwake sukari ndiyo ilikuwa alama kwamba maisha yamekuwa mepesi. Nesi alipomwambia aache, aliacha siku hiyo hiyo, bila kulalamika, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Angekuwa analalamika ningezoea. Lakini alikuwa akikaa na kikombe chake cha chai ya rangi, anaangalia vikombe vya wengine.

Mimi sijasoma upishi popote. Nilijifunza kwenye simu. Baada ya kidato cha nne matokeo hayakunibeba, nikakaa nyumbani, nikaanza kuangalia watu wa nchi nyingine wakipika keki, nikawa nasimamisha video, naandika kichwani, narudia. Keki zangu za kwanza Bibi alizipa kuku. Nilipika tena. Siku hizi watu wanakuja kuagiza keki za ubarikio na za siku ya kuzaliwa, na wanasifu, na mimi usiku nalala nikifikiria kona moja ambayo krimu haikukaa sawa.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Dar. Anafanya kazi kwa mama mmoja anayewapikia watu wenye masharti ya chakula. Tulipokuwa tunaongea kwenye simu nikamweleza habari ya Bibi na vikombe vya wengine. Akasema, "Kuna kitu, nitakutumia." Kikaja na basi, unga mweupe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, hauna maandishi yoyote. Dada akasema ni sukari ya aina nyingine, haipandishi sukari ya damu kama hii yetu, na unaipima vile vile kama unavyopima sukari ya kawaida.

Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Inaharibika? Inashika unyevu? Nikiipika kwenye sufuria ya alumini haina shida? Ikiungua inakuwa sumu? "Wewe mtoto wewe," akasema, "ni sukari, siyo bomu." Nilimuuliza kila kitu isipokuwa mtu anaweza kula kiasi gani.

Nikapika kashata za karanga. Ile sukari inayeyuka vizuri ila haiwi kahawia, inabaki imepauka, na mimi nisiyejua nikawa naongeza moto nikidhani nimekosea. Sufuria mbili nilizimwaga. Hatimaye nikapata kashata iliyokatika kwa mlio, nikazikata kwa rula ya shule zote zilingane, nikazipanga kwenye kopo la maziwa ya unga. Mimi mwenyewe nilionja makombo tu. Nilitaka ziwe zake zote.

Bibi alipoweka ya kwanza mdomoni alifumba macho. Nilimwona akiihamisha kutoka shavu hili kwenda lile, kama mtoto anayechelewesha, na nilihisi kwamba nimefanya jambo moja kamilifu katika maisha yangu.

"Hizi za nini?" akauliza.

"Za wagonjwa wa sukari, Bibi."

"Aa." Akaliangalia kopo. "Nile vipi?"

"Kula tu. Asubuhi, mchana, jioni, ukitaka."

"Kwa chai au kwa maji?"

"Vyovyote, Bibi."

Nimeyarudia mazungumzo haya kichwani mara nyingi sana. Juu ya kabati la Bibi kuna unga wa mlonge ambao ni wa kutibu sukari. Kuna magome aliyouziwa mnadani na mama mmoja wa Kisukuma, ya sukari. Kuna mbegu chungu alizoletewa kutoka Sanje, nazo za sukari. Katika nyumba yetu kitu kikiwa cha wagonjwa wa sukari hakiliwi, kinatumiwa. Nilikulia humo. Ningepaswa kusikia anachouliza.

Yalikuwa masika. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mitaro, vyoo vya watu wa mabondeni vilikuwa vinafurika, na gari la matangazo lilikuwa linapita asubuhi likituambia tuchemshe maji na tunawe mikono. Hakuna aliyesema kwamba kipindupindu kimeingia. Lakini sokoni watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, na mimi nikawa nachemsha maji, yakipoa nayachemsha tena.

Aliyenipa habari ni jirani yetu, bibi mwenye umri kama wa Bibi, ambaye kwa kabila ni mtani wetu na hajawahi kuingia kwetu bila kututukana. Nilikuwa uani nakata kashata mpya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mkeo anahara mpaka kakonda, wewe umekaa unapima karanga kwa rula. Ninyi watu ndiyo maana mnaisha."

Nilidhani ni utani wake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Tangu juzi," akasema. "Ananikataza nisikwambie. Anaona aibu. Nenda kamwangalie macho."

Nikaenda. Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka, mchana, mtu ambaye halali mchana. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimshika ngozi ya mkono, nikaivuta kidogo kama nilivyoona kwenye simu, nikaiachia, ikabaki imesimama, ya mtu aliyeishiwa maji. Tumbo lake lilikuwa linanguruma hata mimi nilisikia, kama mtu anayesukuma kabati kwenye chumba cha pili.

Nikaanza kutafuta kosa. Maji? Niliyachemsha. Samaki wa juzi? Niliwakaanga mpaka wakawa wakavu. Mchicha? Niliuosha kwa maji yaliyochemshwa. Mikono yangu? Nikaiangalia mikono yangu. Kashata hazikunijia kabisa. Kashata zilikuwa kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho.

Nikakimbia jikoni kumtengenezea maji ya chumvi na sukari, kama tulivyofundishwa shule. Nikaweka chumvi. Nikachota sukari, kijiko kikasimama hewani. Ana kisukari. Nikimpa sukari itapanda. Nisipompa ataishiwa maji. Nilisimama pale na kijiko, najua inachekesha, sukari inamwagika sakafuni, mpaka yule jirani akaingia, akanipokonya kijiko na kusema, "Wewe, kaite bajaji."

Kwenye bajaji Bibi alinishika mkono. Alisema jambo moja tu njia nzima. "Usiwaache wanipeleke kule."

Nilijua ni wapi. Ndugu yake wa kike, waliyefuatana naye kuzaliwa, alikuwa ameolewa upande wa Mlimba. Siku za kipindupindu, zamani, kabla sijazaliwa, alichukuliwa na kuwekwa kambini, na hakurudi. Hawakupewa mwili. Hakuoshwa na ndugu zake, hakuvishwa nguo yake. Watu waliovaa mabuti walimfunga kwenye plastiki, wakamwagia dawa na kumzika, na Bibi alisimama mbali nyuma ya kamba akaangalia. Hakuwahi kunisimulia akiwa amekaa. Alikuwa akinisimulia anapofagia, kwa vipande, akiwa amenipa mgongo.

"Hawakupeleki popote," nikamwambia. Sikujua kama ni kweli.

Hospitali walimpima sukari, ilikuwa juu. Wakamtundikia dripu. Daktari wa zamu alikuwa dada wa umri wangu hivi, amechoka, anaongea haraka. Akaniuliza maji tunapata wapi, choo kikoje, nani mwingine anahara. Nilijibu yote na nyongeza, nikamweleza mpaka namna ninavyoosha sufuria, akaniangalia kidogo akasema, "Sawa, kaka, inatosha."

Tulilala hapo. Asubuhi Bibi alikuwa na nafuu, mdomo umepata rangi. Baada ya chai akaanza tena, vibaya kuliko jana. Nilikuwa namshika kwapani kumpeleka chooni na kumrudisha, na kila tukirudi alikuwa mwepesi zaidi. Daktari akaja, akabonyeza tumbo, likajibu.

"Ilitakiwa iwe imepungua," akasema, kama anaongea na faili. Halafu akanivuta pembeni. "Choo chake tumepeleka kupima, majibu bado. Lakini msimu wenyewe ndio huu, na wodi imejaa watoto. Mchana nitamhamishia kwenye chumba cha nje. Kule ndugu hamtaingia."

"Ni kipindupindu?"

"Sijasema hivyo."

Niliitikia kwa kichwa. Nilirudi nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na sikuweza kumwangalia. Nilikuwa tayari namwona kwenye plastiki. Naona aibu kuandika, lakini hata nilianza kufikiria nitakaposimama, nyuma ya kamba, na nguo gani ningeomba wamvishe na wangekataa.

Ndipo mtani wetu alipofika, na kapu. Alisimama mlangoni mwa wodi, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe, "Uwiii! Nimechelewa! Mmeshamzika?"

Wagonjwa wote wakageuka. Kuna aliyeguna. Bibi akafungua jicho moja.

"Hujaitwa na mtu," akasema.

"Nimekuja kula wali wa msiba. Niambieni, wameanza kupika? Maana nyie uchoyo wenu mtatupa uji."

"Nikifa usiingie kwangu. Utaiba sufuria."

"Sufuria zenyewe anazikwangua mumeo zimetoboka!"

Bibi akacheka, kicheko chembamba, wodi nayo ikacheka. Mimi nilitaka kulia. Nilitoka kwenda kuchota maji ya kunawa ili wasinione.

Niliporudi, mtani alikuwa ameinama anatoa vitu kwenye kapu, na Bibi alikuwa anahangaika na pindo la khanga yake. Kwa mkono usio na dripu na kwa meno alikuwa anafungua fundo. Nilidhani ni hela anataka kumpa mwenzake. Fundo likafunguka, akatoa kitu cha mraba, chenye kona kali, chenye kupauka. Akakiweka mdomoni na kunywea maji, huku amerudisha kichwa nyuma kidogo, kama mtu anayemeza kidonge.

"Bibi. Hiyo ni nini?"

"Dawa. Ya mchana."

"Dawa gani?"

"Si yako?" Akanishangaa. "Ya asubuhi nimekunywa kwa chai. Jana jioni nimetumia mbili kwa sababu mchana nilipitiwa na usingizi."

Nilisimama na ndoo ya maji. Nikamuuliza kuhusu vidonge vyake vya hospitali.

"Vile nimevipumzisha. Vinaniumiza tumbo. Hii yako tamu, na inafanya kazi, mume wangu, uchafu wote unatoka. Nilikuwa sitaki kukwambia tumbo linauma, ungeninyang'anya."

Nilihesabu kichwani kashata nilizokata na ngapi zilikuwa zimebaki kwenye kopo, nikaacha kuhesabu.

Kulikuwa na muda mfupi, na nitausema ulivyokuwa. Nilifikiri, nikinyamaza hakuna atakayejua. Ninaweza kulichukua hilo fundo, nikalitupa, na kama ni kashata basi ataacha kuhara mwenyewe na watasema dripu imemsaidia. Na kama siyo kashata, nitakuwa nimejiaibisha bure mbele ya wodi nzima. Lakini saa ya kumhamisha ilikuwa inakaribia, na chumba cha nje kilikuwa kinasubiri, na Bibi alikuwa ameniambia kitu kimoja tu kwenye bajaji.

Nilimkuta daktari kitanda cha tatu kutoka chetu, anamsikiliza mtoto kifua. Nilitaka kuongea kwa siri. Sauti yangu ikatoka kubwa.

"Daktari, ni mimi. Mimi ndiye niliyempa."

"Umempa nini?"

"Kashata. Ameacha vidonge, anazila kama dawa. Nimepika kwa unga. Unga wa Dar."

Mama wa yule mtoto akamvuta mwanawe kifuani.

"Unga gani?" daktari akauliza.

"Sijui jina."

"Umempikia bibi yako kitu usichokijua jina?"

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, wala hakujificha, "Anataka kurithi kiwanja huyo, kampa sumu. Mnadhani ni nini? Watoto wa siku hizi hawasubiri." Mwingine akajibu, "Kashata gani hiyo inayofungua tumbo? Aniletee na mimi, wiki ya pili sijaenda." Wakacheka. Mtani wetu aliyekuwa haachi kututukana alisimama, akafunga khanga kiunoni, akawaambia kwamba atakayesema neno la sumu tena atapata sababu ya kulazwa. Mimi nilikuwa sisikii vizuri.

Daktari akasema, "Mpigie huyo wa Dar. Weka sauti ya nje."

Dada alichelewa kupokea. Alipopokea nilimuuliza jina la unga, akalisema, maltitoli, na kabla sijamaliza kueleza akapandisha sauti.

"Alikula kiasi gani?"

"Kila siku. Asubuhi, mchana, jioni. Wakati mwingine mbilimbili."

"Mungu wangu! Ile ukizidisha inakuharisha! Kila mtu anajua. Kazini kwetu tunamwambia kila mteja asile nyingi."

"Mimi hukuniambia."

Nikasikia honi za Dar. "Nilidhani nimekwambia," akasema, sauti imeshuka. "Uliniuliza vitu vingi sana hadi nikachanganyikiwa."

Daktari alichukua simu yangu, akamuuliza mambo mawili matatu, halafu akatafuta kwenye simu yake mwenyewe, akasoma kwa muda, midomo inacheza. Nilimwangalia uso kama mtu anayesubiri hukumu. Alipoongea aliongea polepole kwa mara ya kwanza. Alisema utumbo hauwezi kuimeng'enya yote sukari ya aina hiyo. Inayobaki inavuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza utumboni, na vijidudu vya tumboni vinaishambulia vinatoa gesi, ndiyo ngurumo tunazosikia. Kijana mwenye afya akila nyingi ataaibika siku moja na basi. Mzee mwenye kisukari, aliyeacha vidonge, anayezila siku nzima, ni jambo lingine. Tena sukari ya damu inapanda kidogo hata kwa unga huo, kwa hiyo haikuwa dawa hata chembe.

"Kwa hiyo siyo kipindupindu?"

"Kwa hiyo sijui. Majibu hayajarudi. Lakini kama ni kashata, akiacha kuzila ataacha kuhara." Akaangalia saa ya ukutani. "Nitamwacha hapa mpaka jioni. Akiendelea kuharisha, anahama. Na kuna kingine. Amepoteza maji mengi, nahofia figo. Toka jana hajakojoa. Nataka nione mkojo."

Nilimwomba Bibi khanga yenye fundo la kashata. Alinipa kwa shida, akidhani namnyang'anya uzima wake. Nilipomweleza kwamba zile hazikuwa dawa, kwamba zilikuwa tamu tu, kitu cha kulia chai, alinikazia macho.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema ni za wagonjwa wa sukari."

"Ndiyo. Ulisema hivyo." Akageuza uso ukutani. Sikujua kama amenikasirikia au amechoka, na sikuthubutu kuuliza.

Mchana wote nilikaa naangalia tone moja moja likidondoka kwenye dripu. Nilimpa maji ya chumvi na sukari ya pakiti ya hospitali, kijiko kwa kijiko. Mtani alikaa upande wa pili, hakutania tena, na hilo lilinitisha kuliko kila kitu. Bibi aliomba kupelekwa chooni mara moja, nikamngoja nje ya pazia, akatoka akasema bado ni yale yale. Nikamrudisha. Hewa ya nje ilikuwa nzito, mvua ilikuwa inakusanyika upande wa milima. Nikaanza kujiambia kwamba nilikuwa nimekosea hata katika kukiri, kwamba ni ugonjwa ule ule, na mimi nimeihatarisha wodi nzima ya watoto kwa ajili ya kashata. Akili yangu inajua njia ya kwenda huko.

Alilala. Tumbo lilinguruma, likanyamaza kwa muda mrefu, likanguruma kidogo. Niliweka sikio langu karibu. Mtani akaniambia, "Mwache mwenzio apumue." Mvua ikaanza kupiga mabati.

Daktari alipoingia na koti la mvua mkononi, zamu yake inaisha, nilisimama. Hakuniuliza mimi. Alimwinamia Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Tumbo?"

"Marahaba. Limenyamaza. Linaogopa mume wangu anavyolitazama." Akajivuta kukaa. "Ila nina haja ndogo. Inanibana."

Daktari akanigeukia, na hakuna mtu aliyewahi kuniangalia vile kwa habari kama ile. "Mpeleke. Chukua hiki kikopo."

Nilimshika kwapani, dripu nimeinua juu kwa mkono mwingine, tukaenda taratibu kwenye kile choo cha mwisho wa wodi. Nikampa kikopo, nikavuta pazia, nikasimama. Mvua ilikuwa kubwa, sikuweza kusikia kitu. Nikahesabu. Nikaacha. Nikaita, "Bibi?"

"Niache."

"Bibi, kinatoka?"

"Wewe mtoto," akasema nyuma ya pazia, "hata mume wa kweli hakuwahi kunisimamia hivi."

Mkono wake ukatokea pembeni ya pazia, umeshika kikopo. Nilikipokea kwa mikono yote miwili. Kilikuwa kimejaa, na cha moto.